Kilomita 42 kwa jina la baba: mwongozo kamili wa marathoni ya kwanza na mchango wa kumkumbuka mzazi, kwa mtu wa Mtwara na Lindi

Baba alianguka shambani Tandahimba mwezi wa saba 2024, bomba la kupulizia mikorosho salfa likiwa mgongoni na bado linanguruma. Kichwa kilikuwa kimemsumbua wiki mbili. Mara mbili alikwenda zahanati, mara mbili akarudi na panadol, kwa sababu mashine ya kupimia presha ilikuwa mbovu na hakuna aliyejua itatengenezwa lini. Tulipomfikisha hospitali ndipo tukalisikia neno kiharusi. Aliishi siku nne.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, niliwaambia ndugu zangu kwamba nataka kukimbia marathoni na kuchangisha hela za mashine za presha. Sikuwa mkimbiaji. Niliweza kukimbia kilomita 5 nikijikongoja, basi. Mwezi wa pili 2025 nilimaliza Kilimanjaro Marathon kule Moshi kwa saa 5 na dakika 31, na mashine zikafika zahanati. Hapa chini ni njia niliyopita, pamoja na makosa yaliyonigharimu, kwa ajili ya mwenzangu wa kusini mwenye uchungu kama wangu na hajui aanzie wapi.

Hatua ya 1: Kaa na familia kwanza

Viatu vitasubiri. Jina la marehemu si lako peke yako, ni la mjane wake, ndugu zake na watoto wote. Kabla hujaweka picha yake mtandaoni au kuomba hata shilingi mia, waombe ruhusa.

Baba mdogo alinisikiliza akiwa amekaa mkekani, sahani ya ming'oko mbele yake. Alimenya mmoja, akaula taratibu, halafu akauliza: "Mwanangu, na ukishindwa kufika mwisho, hela za watu utazirudisha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaza magoti, jua na nauli, hilo sikuliwaza. Tulilizungumza mpaka adhana ya isha, na tulichokubaliana ndicho kilichoulinda mchango wote baadaye: mashine zitanunuliwa kwa hela yoyote itakayopatikana, nikimaliza mbio au nisimalize. Tukakubaliana pia kwamba viatu, nauli, ada ya kujiandikisha na malazi ni mzigo wangu mwenyewe, mchango usiguswe hata kwa nauli ya bajaji. Na ikibaki ziada, itanunua betri za mashine na mikanda ya akiba ya kufunga mkononi, haitahamia kwenye jambo jingine.

Andikeni makubaliano hayo kwenye daftari, hata mistari mitano inatosha, na wote waliopo waweke sahihi. Ukichangisha kwa jina la mzazi aliyelala kaburini, ile hela ni amana mara mbili: ya aliyetoa na ya aliyekufa.

Hatua ya 2: Chagua kitu kinachohesabika

"Kusaidia wagonjwa" hakuna anayeweza kukuuliza umefikia wapi. "Mashine 17 za presha" kila mtu anaweza kuhesabu. Chagua kitu kinachohusiana na kilichomwondoa mzazi wako, kisha nenda kawaulize wahusika kama wanakihitaji. Mimi nilianzia kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaenda kwa mtendaji wa kata, kisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Usiruke ngazi hizi. Huko ndiko utaambiwa zahanati ipi ina upungufu na ipi imeshapata, na ukishatambuliwa huko, hakuna atakayekusimamisha njiani kukuuliza unachangisha kwa ruhusa ya nani. Ukitaka kutoa fedha taslimu kwa hospitali ya serikali, kama Ligula hapa Mtwara au Sokoine kule Lindi, omba kumbukumbu namba ya malipo ulipie benki au kwa simu. Usimkabidhi mtu bahasha.

Kuhusu mashine zenyewe, nunua za kidijitali zinazofungwa mkono wa juu. Za kifundo cha mkono ni nafuu na ndogo, ila vipimo vyake huyumba sana mgonjwa asipouweka mkono sawasawa na moyo. Nunua na mkanda mpana wa akiba, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Sisi kila mashine pamoja na mkanda wa pili na betri ilitufikia kwa shilingi 120,000. Mashine 17 zikawa 2,040,000. Tukaweka lengo la 2,100,000, ile 60,000 iwe ya kuzisafirisha, na hiyo nayo tuliitangaza mapema.

Mbona 2,100,000? Igawe kwa 42 uone. Kila kilomita ni shilingi 50,000. Kila kilomita ikapata mwenyewe.

Hatua ya 3: Mbio ipi, na msimu upi

Kwa mtu wa kusini, kalenda ina mambo matatu: korosho, mvua na Ramadhani.

Kilimanjaro Marathon hufanyika Moshi mwishoni mwa mwezi wa pili au mwanzoni mwa wa tatu. Uzuri wake kwetu ni kwamba unachangisha kuanzia mwezi wa kumi, minada ya korosho ikiwa imeanza na vyama vya msingi vinalipa wakulima. Mwezi wa tatu au wa nne ukimwomba mkulima wa Newala shilingi 10,000, unamtesa. Mwezi wa kumi na moja atakupa na kukuombea dua. Ubaya wake ni kwamba mazoezi marefu yanaangukia mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, wakati joto la pwani linakaba na mvua zimeanza.

NBC Dodoma Marathon hufanyika mwezi wa saba, na yenyewe huchangia mapambano dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kama mama yako aliondoka kwa ugonjwa huo, sioni mbio inayokufaa zaidi. Mazoezi makubwa yanakuwa mwezi wa tano na wa sita, kumepoa.

Muislamu aangalie mwezi kabla ya kulipa ada. Ramadhani ya 2026 ilianza katikati ya mwezi wa pili, na hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo 2027 pia mwishoni mwa mwezi wa pili utakuta watu wamefunga, na 2028 saumu itakuwa inamalizikia siku hizo hizo. Miaka hiyo ningekwenda Dodoma. Kilomita 42 kwa saumu ni kujihatarisha, na dini haijakutaka hivyo.

Hatua ya 4: Hela ikae mahali huwezi kuigusa peke yako

Usipokelee mchango kwenye laini yako ya kila siku. Utanunua vocha, utamtumia mtoto nauli, na mwisho wa mwezi hutajua ipi ni ipi. Kuna huduma za vikundi kwenye simu, kama M-Koba, ambamo fedha haitoki mpaka walioteuliwa waidhinishe. Sisi tulikuwa watatu: mimi, baba mdogo, na mwalimu mstaafu jirani yetu ambaye si ndugu. Huyo wa tatu ni muhimu kuliko wote. Wachangiaji wa nje wakisikia jina la mtu asiye wa ukoo, mioyo yao hutulia.

Daftari liwe na safu nne: jina, ahadi, kilichofika, tarehe. Ahadi na fedha usizichanganye hata siku moja. Nilikuwa na ahadi za milioni 2.6 na mkononi nilikuwa na milioni 1.4, na kwa wiki nzima nilitembea nikijiona nimevuka lengo. Mwalimu ndiye aliyenikalisha chini na kuchora mstari katikati ya ukurasa.

Hatua ya 5: Miguu

Kapime kwanza. Kama mzazi wako alikufa kwa presha, kisukari au moyo, nawe damu hiyo unayo. Chini ya 120 kwa 80 ni salama, na ikifika 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, daktari akuone kabla hujaanza. Mwanamke anayechoka bila sababu apime na wingi wa damu.

Viatu vya mtumba havina ubaya ukijua kuchagua. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa. Kiweke kiatu juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikiinamia upande mmoja, kiache, maana kimechukua mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Jaribu jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nilifunga hijabu ya kitambaa cha jezi na kuvaa suruali ndefu nyepesi. Pamba ikilowa jasho huwa nzito na huchubua. Kwapani, mapajani na chini ya mikanda ya sidiria, paka mafuta ya mgando kwa wingi.

Mpango wangu ulikuwa wa wiki 20, siku nne kwa wiki. Siku mbili dakika 30 hadi 50 taratibu, siku moja ya vilima au mwendo wa kasi kidogo, na Jumapili mbio ndefu. Mbio ndefu ndizo zinazomjenga mtu wa marathoni, nyingine zinasaidia tu. Kilomita za Jumapili zilipanda hivi: 6, 8, 10, 8, 11, 13, 15, 11, 17, 19, 21, 15, 23, 25, 28, 20, 32, 21, 13, halafu mbio yenyewe. Kila wiki ya nne utaona inashuka. Hapo mifupa na kano zinajijenga, usiziibie. Na baada ya 32 kazi imekwisha. Wiki tatu za mwisho ni za kupumzika hata kama mwili unawasha kutaka kukimbia.

Mwendo upimwe kwa mdomo: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa, punguza au tembea. Mwezi wa mwanzo wa mazoezi nilikimbia dakika 4 na kutembea 1, na siku ya mbio nilirudia utaratibu huo kuanzia kilomita ya 25.

Mtwara mjini, barabara ya kwenda Mikindani ndiyo iliyonilea. Kutoka Shangani ni kama kilomita 10 au 11 kwenda tu, kwa hiyo kwenda na kurudi unapata mbio ndefu nzuri. Malori ni mengi, ya saruji na ya korosho. Kimbia upande wa kulia ili magari ya upande wako yaje usoni, na vaa kitu cheupe alfajiri. Vilima vya nyuma ya Mikindani nilivipanda mara nane mpaka kumi kila Jumatano, kwa sababu Moshi haiko tambarare: nusu ya pili ya njia hupanda barabara ya Mweka kabla ya kuteremka. Aliyeko Lindi anavyo vilima mgongoni mwa mji, asiende mbali.

Ufukweni nina neno. Mchanga wa Shangani maji yakiwa yametoka ni mzuri kwa macho na mgumu kwa kisigino. Pwani imeinama, mguu mmoja uko chini siku zote, na mchanga laini huivuta kano ya nyuma ya kifundo. Nilikimbia huko siku tatu mfululizo wiki ya kumi, nikakaa siku kumi bila kukimbia. Nenda mara moja kwa wiki, muda mfupi, kwenye mchanga mgumu uliolowa.

Maumivu ya kano au mfupa yanayoongezeka unavyokimbia, simama siku hiyo hiyo. Na usimeze diklofenaki au dawa za maumivu za aina yake ili upate kukimbia. Huku kwetu duka la dawa litakuuzia bila swali, lakini dawa hizo pamoja na jasho jingi na maji kidogo huumiza figo. Ukiwa na homa, kapime malaria, ulale.

Joto, maji na chakula

Mwezi wa kumi na mbili niliondoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, kabla ya saa 11. Siku ya kilomita 32 nilimaliza saa 3 asubuhi na jua lilikuwa limeshachoma. Mdogo wangu alinifuata kwa baiskeli ya baba, ile Phoenix nyeusi, madumu mawili ya maji kwenye keria. Mnyororo wake unalia kila pedali ikifika chini. Nilikimbia saa nyingi nikiusikiliza mlio ule. Ndio tuliokuwa tukiusikia jioni tukajua baba karudi.

Maji kunywa kwa kiu. Ukijilazimisha maji matupu saa tano mfululizo, chumvi ya damu hushuka, na hilo limewaua wakimbiaji. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu: ukirudi umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Mimi nilitumia ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pakiti moja kwa lita. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vya kusawazisha na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Dafu ni tamu na lina potasiamu, ila chumvi yake ni chache kwa jasho la pwani, tia kidogo. Ukiona kizunguzungu, jasho limekatika au mwili unasisimka kwa baridi juani, mbio imekwisha siku hiyo. Kivuli, maji shingoni na kwapani, na mtu wa kukaa nawe.

Chakula chetu kinatosha kabisa. Usiku wa kuamkia mbio ndefu nilikula ugali wa muhogo na samaki wa kuchemsha, au wali kwa maharage kidogo. Korosho ni nzuri baada ya mbio. Kabla ya mbio mafuta yake hukaa tumboni. Ukikimbia zaidi ya saa moja na nusu unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi mbivu ina kama 25, na tende chache zinajaza iliyobaki. Jaribu kila kitu Jumapili za nyumbani. Siku ya mbio usile kitu kigeni hata ukipewa bure.

Hatua ya 6: Kuomba

Anza na kumi wa karibu, mmoja mmoja, kwa sauti. Kundi la WhatsApp lije baadaye, likiwa tayari lina majina kumi ya waliolipa. Ujumbe wetu ulikuwa huu, uchukue ubadilishe:

"Assalaam alaykum, habari za kwenu. Mwezi wa saba tulimzika baba yetu, aliyefariki kwa kiharusi. Tunanunua mashine 17 za kupimia presha kwa zahanati za wilayani kwetu. Mwezi wa pili nitakimbia kilomita 42 Moshi kwa kumkumbuka. Kilomita moja ni shilingi 50,000, mnaweza kuichukua wawili, watano hata kumi. Mashine zitanunuliwa hata nisipomaliza mbio. Gharama zangu najilipia. Kila Ijumaa nitaleta hesabu hapa."

Halafu lete hiyo hesabu kila Ijumaa kweli, hata kama wiki hiyo imeingia 3,000 tu. Nilikosa Ijumaa moja nikiwa na homa, na Jumamosi shangazi akapiga simu kuniuliza kwa upole kama kuna tatizo. Usimfuate mtu aliyeahidi zaidi ya mara mbili. Ana harusi, ana ada za shule, ana msiba wake.

Kilomita ya 31 waliinunua bodaboda wa kituo cha Magomeni. Walikuwa 25, kila mmoja 2,000, wakazileta kwenye kofia ya chuma.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Hizo mita 195 za mwisho sikuziuza.

Hatua ya 7: Safari na siku yenyewe

Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita kama 560, na Dar mpaka Moshi nyingine zinazokaribia hizo. Fika siku tatu kabla, miguu iliyokaa basini inavimba. Namba ya kifuani na chipu ya kupimia muda hutolewa siku za kabla ya mbio, nenda na kitambulisho. Kata kucha mapema, siyo usiku wa mbio.

Majina 42 niliyaandika kwenye karatasi, nikaifunga kwa nailoni na kuifunga mkononi. Kila kibao cha kilomita nilisoma jina na kumwombea mwenyewe. Kumi za kwanza zitakushawishi uende kasi kwa sababu kuna baridi na watu wanashangilia. Kataa. Kwenye mlima wa Mweka nilitembea sehemu kubwa, na waliokuwa wamenipita kilomita ya 8 niliwakuta wamekaa pembeni wakikanda mapaja. Kilomita ya 31 nilisimama kabisa, nikasoma "vijana wa kituo", nikaiona ile kofia, nikaendelea.

Hatua ya 8: Kukabidhi

Jipe siku 30. Nunua dukani kwenye risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, piga picha namba za mashine, kisha andaa hati ya makabidhiano nakala tatu: yako, ya zahanati, ya ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mganga mfawidhi aingize mashine kwenye leja mbele yako, maana kisichoandikwa kwenye leja hupotea bila mtu kuulizwa. Tuma picha za hati na risiti kwa wachangiaji wote, pamoja na aliyetoa 500. Rudi baada ya miezi mitatu uangalie betri. Mashine mbili kati ya zetu tulizikuta kabatini kwa sababu betri zilikwisha, na ndipo ile ziada ilipotufaa.

Zahanati ya mwisho ilikuwa ile aliyokwenda baba. Muuguzi alitaka kuijaribu mashine, akamkalisha mama kwenye kiti, miguu chini, mkono mezani, akamwambia apumzike dakika tano bila kuzungumza. Mama alifunga macho. Mkanda ukajaa upepo, ukashuka polepole. Ilisoma 152 kwa 94. Muuguzi akaandika kwenye kadi, akamwambia arudi Jumatatu apimwe tena.

Jumatatu mdogo wangu alimpeleka kwa baiskeli.